Sura ya Nne: Tenda, Tendua

Shangazi yangu anauza nafaka Ngamiani, Tanga. Kila Jumatatu asubuhi humlipa muuzaji wa mchele wa jumla kwa simu. Simu yenyewe ni kitochi, skrini yake haizidi kibiriti. Siku hiyo nilikuwa nimeketi juu ya gunia la choroko nikimtazama. Alipiga namba ya menyu, akachagua kutuma pesa, akaanza kuingiza namba ya mpokeaji huku akiisoma kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani. Alipofika tarakimu ya saba, skrini ikabadilika. Namba yote ikapotea, na mahali pake likaja tangazo la huduma ya kutumiwa vichekesho kila siku. Chini ya tangazo palikuwa na neno moja: Sawa. Shangazi akabonyeza Sawa. Menyu ya malipo ilikuwa imeshakatika, ikabidi aanze upya. Hata hajamaliza, ukaingia ujumbe wa kumshukuru kwa kujiunga, na tangu siku hiyo salio lake likawa linapungua kidogo kidogo.

Nikamuuliza kwa nini alikubali.

“Sikukubali kitu, mwanangu,” akaniambia. “Wala sikusoma. Nilitaka kiondoke.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka, na ndilo lililonifanya niandike sura hii. Kidirisha kikimzukia mtu katikati ya kazi, kitufe kilichomo hubadilika maana. Aliyekitengeneza aliandika Sawa akikusudia: nimesoma, nimeelewa, naridhia. Anayekibonyeza anakusudia: nipishe. Mtambo unaandika kwenye kumbukumbu zake maana ile ya kwanza, na kwa kumbukumbu hizo mtu anakatwa pesa, anafutiwa picha, au anahesabiwa kuwa ametoa idhini ambayo moyoni mwake haikuwahi kuwepo.

Si kila kinachoibuka kwenye skrini kina kosa. Arifa inayopita chini ya skrini, ikasomeka na kuondoka yenyewe bila kumzuia mtu, mimi sina ugomvi nayo. Ninachokisema ni kidirisha kinachofunga njia: kinafunika ulichokuwa ukifanya, kinazima vitufe vingine vyote, na hakitoki mpaka ukijibu. Kikishatokea, simu au kompyuta inakuwa imeingia katika hali nyingine. Vidole vyako bado viko kwenye kazi ya kwanza, mtambo umeshahamia ya pili.

Aliyeipiga vita tabia hii ya mitambo kubadili hali karibu maisha yake yote ya kazi ni Larry Tesler, Mmarekani aliyeingia maabara ya Xerox PARC, California, mwaka 1973. Hapo PARC palikuwa na programu ya kuandikia iitwayo Bravo. Ilikuwa na hali mbili, ya kuandika na ya kutoa amri, na herufi zilezile zilitumika kotekote. Mtu aliyedhani yuko kwenye hali ya kuandika, kumbe yuko kwenye hali ya amri, akaandika neno la Kiingereza “edit”, alipatwa na haya: E ilichagua hati yote, D ikaifuta, I ikafungua nafasi ya kuingiza maandishi, na T ikaandikwa. Hati nzima ikabaki herufi moja. Mwandishi hakuwa amefanya uzembe wowote. Aliandika neno la kawaida, katika saa ambayo mtambo ulikuwa ukisikiliza kitu kingine.

Tesler na mwenzake Tim Mott wakaunda programu nyingine, Gypsy, kwa ajili ya wahariri wa kampuni moja ya kuchapisha vitabu, na humo wakaziondoa hali hizo kadiri walivyoweza. Kukata, kunakili na kubandika tunakokufanya leo kwa kidole kulikomaa katika kazi hiyo. Kibao cha namba cha gari la Tesler kilisomeka NOMODES, kwa maana ya kwamba hataki hali. Alifariki Februari 2020.

Mwaka 1980 Tesler alihamia Apple, katika kikundi kilichokuwa kikitengeneza kompyuta ya Lisa, iliyoingia sokoni mwaka 1983. Kwenye vidirisha vya Lisa, kitufe cha kukubali mwanzoni kiliandikwa “Do It”, yaani fanya. Walipowaita watu wa kawaida waijaribu, mmoja wao alionekana kukwazika. Alikuwa ameyasoma maneno hayo mawili kama neno moja, “Dolt”, ambalo kwa Kiingereza ni mjinga, kwa kuwa herufi I kubwa na l ndogo hazikutofautiana sana kwenye skrini ile. Alidhani kompyuta inamtukana. Kitufe kikabadilishwa kuwa OK. Hiyo OK ndiyo iliyosambaa duniani kote, ikatafsiriwa kwetu kuwa Sawa, na ndiyo aliyoibonyeza shangazi yangu. Nalipenda tukio hilo kwa sababu moja: waliketi wakamtazama mtu akitumia kitu chao, wakamwamini alipokwama. Nikimtazama shangazi na kile kidirisha chake, naona wazi kwamba waliokitunga hawakuwahi kuketi juu ya gunia la mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye mazoea. Ubongo wa binadamu umeumbwa kuacha kuona kinachojirudia. Anayeishi jirani na kinu cha kusaga hulala usingizi mzuri tu mashine ikinguruma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, huko Utah, waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakiwaonyesha maonyo ya usalama ya kompyuta. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na kuona zilipunguza kazi kwa kiasi kikubwa onyo lilelile lilipokuja mara ya pili. Mara ya pili tu. Mwaka 2016 watafiti wa chuo hichohicho, wakishirikiana na wahandisi wa Chrome, kivinjari cha Google, walichapisha matokeo mengine yanayohusu wakati wa onyo kutokea. Onyo lilipowakuta watu wakihamisha namba ya uthibitisho kutoka dirisha moja hadi jingine, asilimia 87 walilipuuza. Lilipowakuta wakitazama video, asilimia 79. Walipokuwa wakielekea kufunga ukurasa, asilimia 74.

Tafakari hizo takwimu kidogo. Hao hawakuwa watu wasiojali usalama wao. Walikuwa na kazi mikononi, na akili ya mtu haishiki kazi mbili kwa wakati mmoja. Onyo lilelile, kwa maneno yaleyale, lingesomwa vizuri zaidi kama lingesubiri dakika moja mpaka video iishe.

Kuna tukio moja la mwaka 2013 ambalo kila anayeandika programu angepaswa kulijua. Lilitokea katika hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na aliyelisimulia kwa kirefu ni daktari wa hospitali hiyohiyo, Robert Wachter, kwenye kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu kompyuta katika tiba. Kijana wa miaka 16, mwenye uzito wa kilo 38.6, alikuwa ameagizwa dawa ya kuzuia maambukizi aliyokuwa ameshaizoea nyumbani: kidonge kimoja cha miligramu 160 mara mbili kwa siku. Daktari aliyekuwa zamu aliandika 160 kwenye mfumo. Lakini kisanduku kilikuwa kimewekwa katika kipimo kingine, miligramu kwa kila kilo ya uzito. Hapo tumerudi kwa Bravo na zile hali zake: namba sahihi, ndani ya hali isiyo yake. Kompyuta ikazidisha 160 kwa 38.6, ikapata zaidi ya miligramu 6,000, ikahesabu vidonge thelathini na nane na nusu.

Je, mfumo ulinyamaza? Haukunyamaza. Ulimfungulia daktari kidirisha kumwonya kwamba dozi imezidi. Daktari akakiondoa. Ukamfungulia mfamasia naye kidirisha. Naye akakiondoa. Roboti ya kufungasha dawa ikahesabu vidonge vyote thelathini na nane na nusu bila kosa, na muuguzi, ingawa alishangaa, akaamini kwamba mfumo umeshathibitisha, akampa kijana. Baadaye usiku ule kijana akapatwa na degedege kali. Alipona, kwa neema ya Mungu na kwa jitihada za madaktari walewale.

Ni rahisi kumlaumu aliyebonyeza. Lakini soma idadi ambazo Wachter amezitoa. Katika hospitali hiyo, maagizo ya dawa yalikuwa kama 350,000 kwa mwezi, na wafamasia walikuwa wakifunguliwa vidirisha vya onyo kwa karibu nusu ya maagizo hayo. Madaktari nao walipata maonyo kama 17,000 kwa mwezi. Mengi yalihusu mambo madogo: dozi iliyozidi kwa kiasi kisicho na madhara, au dawa mbili zinazogongana kwenye vitabu lakini hutolewa pamoja kila siku wodini. Na onyo la dozi iliyozidi mara thelathini na nane lilikuwa na sura ileile, rangi ileile na kitufe kilekile kama onyo la dozi iliyozidi kidogo. Aliyekuwa amekwisha kuondoa mamia ya vidirisha vya bure mwezi ule angejuaje kwamba hiki kimoja kimebeba uhai wa mtu?

Ndiyo maana nasema kidirisha cha bure si usumbufu mdogo wa sekunde mbili. Kila kimoja kinakopa kutoka kwenye usikivu wa mtu, na siku lile onyo la kweli litakapokuja litakuta usikivu umekwisha.

Wapo watakaosema: basi tuulize vizuri zaidi, tuulize “una uhakika?” kabla ya kila jambo kubwa. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba, simu za watu wa Hawaii zilipokea tahadhari kwamba kombora la masafa marefu linakuja, wajifiche mara moja. Halikuwako kombora. Aliyeituma alikuwa mfanyakazi wa idara ya dharura ya jimbo, katikati ya zoezi ambalo yeye alilielewa kuwa tukio la kweli. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika anataka kutuma tahadhari hiyo. Alijibu ndiyo, na alijibu kwa dhati, maana kwa alivyoelewa yeye kombora lilikuwa njiani. Swali la “una uhakika?” huuliza kama mtu amekusudia kubonyeza. Haliwezi kumwonyesha kwamba alichokiamini si kweli.

Kilichowaponza zaidi watu wa Hawaii ni kile kilichofuata. Wakubwa wa idara walijua mapema kwamba ni makosa, lakini hapakuwa na ujumbe ulioandaliwa wa kuifuta tahadhari ile. Ikabidi utungwe, ujadiliwe, utafutiwe ruhusa. Dakika 38 zilipita, wazazi wakiwashusha watoto kwenye mashimo ya maji ya mvua barabarani. Mfumo ulikuwa na kidirisha cha kuuliza, ukakosa njia ya kutendua.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotangulia mbele ya wahandisi wengi. Lugha hii imeweka kutendua ndani ya kitenzi chenyewe. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Panga, pangua. Tega, tegua. Pakia, pakua. Nguo ukianika, mvua ikitishia unaanua. Wazee wetu walilichukulia kuwa jambo la kawaida kwamba kilichofanywa kinaweza kurudishwa kilivyokuwa, na wakalipa kiambishi chake. Walipotafuta neno la kile kitufe chenye mshale unaorudi nyuma, wafasiri wa programu walilikuta limeshalala tayari: tendua. Ni neno zuri kuliko lile la Kiingereza lililotafsiriwa, na nasikitika kwamba limekaa kwenye menyu za programu za maandishi peke yake wakati kila huduma inayotengenezwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala inalihitaji.

Tazama tofauti yake kwa karibu. Mtu anataka kufuta picha. Programu ya kwanza inafungua kidirisha: “Una uhakika unataka kufuta?” Siku ya kwanza anasoma. Siku ya tano kidole chake kimeshajua mahali ilipo Ndiyo, na kufuta kumekuwa kitendo kimoja chenye mibonyezo miwili. Siku ya ishirini anafuta picha ya harusi ya dada yake, anabonyeza Ndiyo kwa kasi ileile, na anashtuka nusu sekunde baada ya kubonyeza. Majuto hayatangulii. Huja baada ya tendo, na programu hiyo imeweka ulinzi wake wote kabla ya tendo.

Programu ya pili inaifuta picha palepale, haiulizi. Chini ya skrini unatokea mstari mwembamba: “Picha imefutwa”, na pembeni yake kitufe, Tendua. Mstari unakaa sekunde kadhaa kisha unaondoka wenyewe. Hata ukiukosa, picha imehamia kwenye tupio na itakaa humo siku thelathini. Yule wa picha ya harusi anashtuka nusu sekunde baadaye, na nusu sekunde baadaye kitufe kipo. Aliyekuwa akifuta picha mia moja za ukungu hakuulizwa hata mara moja.

Wahandisi watasema, na ni kweli, kwamba mambo mengine hayatenduliki. Barua pepe ikishakwenda imekwenda. Lakini mwaka 2009 Gmail ilianza kuwajaribishia watumiaji wake kitufe cha kutendua barua iliyotumwa, na mwaka 2015 ikakiweka rasmi kwa wote. Hakuna muujiza ndani yake. Ukibonyeza tuma, barua haiondoki. Inashikiliwa kwa sekunde tano, kumi, ishirini au thelathini, kadiri ulivyochagua, kama tarishi aliyekwisha kuipokea bahasha lakini bado amesimama mlangoni akifunga kamba za viatu. Ukimwita, anairudisha. Mengi tunayoyaona hayatenduliki yangetendulika kama tungemchelewesha tarishi.

Fedha ni jambo zito zaidi, na hapa nakiri kwamba swali lina mahali pake. Miaka kadhaa baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007, Safaricom iliweka huduma iliyopewa jina la Kiswahili, Hakikisha. Mtu akishaingiza namba na kiasi, kabla pesa haijaondoka, anaonyeshwa jina la mpokeaji na kupewa nafasi fupi ya kusitisha. Huduma za namna hiyo zipo Tanzania pia, na shangazi huzitegemea. Mwangalie anapotuma: midomo inamtembea, analisoma jina la muuzaji wake wa mchele herufi kwa herufi. Mtu yuleyule ambaye hakusoma hata neno moja la lile tangazo la vichekesho.

Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi. Kidirisha cha “una uhakika?” hakimpi mtu habari yoyote; kinamrudishia swali lake mwenyewe. Kidirisha cha jina kinampa kitu asichokijua bado, kinachoweza kubadilisha uamuzi wake, katika saa ambayo anakihitaji, kuhusu jambo ambalo likishapita ni vigumu kulirudisha. Kidirisha kinachofunga njia na kisichotimiza masharti hayo yote hakistahili kuwapo. Huo ndio msimamo wangu, na sijaona sababu ya kuulegeza.

Maneno ya vitufe nayo yanataka uangalifu, kwa sababu tafsiri za haraka zimetuletea mitego yetu wenyewe. Nimekutana na kidirisha kilichouliza: “Je, ungependa kughairi muamala huu?” Vitufe vyake vilikuwa viwili, Ghairi na Sawa. Ukibonyeza Ghairi, umeghairi muamala, au umeghairi kughairi? Nilimwonyesha kijana wa duka la wakala anayeshinda na simu mikononi tangu asubuhi. Alikaa nacho muda mrefu, kisha akazima simu kabisa na kuiwasha. Tiba ni kitufe kutamka tendo lenyewe: “Sitisha muamala” na “Endelea kutuma”. Mtu akisoma kitufe peke yake, bila kusoma swali, ajue kitatokea nini. Maana kitufe ndicho atakachokisoma, swali mara nyingi hatalisoma.

Vipo pia vidirisha ambavyo havimlindi mtumiaji wala havijaribu. Historia ya matangazo ibukizi kwenye intaneti inaanzia miaka ya 1990, na mmoja wa waliohusika, Ethan Zuckerman, aliyekuwa akiandika programu katika kampuni ya Tripod huko Marekani, aliomba radhi hadharani mwaka 2014 katika jarida la The Atlantic. Alieleza kwamba kampuni moja kubwa ya magari ililalamika tangazo lake limetokea kwenye ukurasa wenye mambo ya aibu, naye akaandika programu ya kulifungulia tangazo dirisha lake lenyewe, lisihusishwe na ukurasa. Nia ilikuwa njema. Ndani ya miaka michache watu walikuwa wakifungua ukurasa mmoja na kufunga madirisha sita. Ilibidi vivinjari vyenyewe viingilie kati. Microsoft ilipotoa sasisho kubwa la Windows XP Agosti 2004, kuzuia madirisha hayo kulikuja pamoja nalo. Na kuanzia Januari 2017 Google ilianza kuzishusha kwenye matokeo ya utafutaji kurasa za simu zinazomfunika msomaji macho mara tu anapoingia.

Vidirisha vya kurasa za intaneti vinavyoomba idhini ya vidakuzi (cookies) ni watoto wa ukoo huo. Sheria ya Ulaya ilitaka mtu aombwe idhini ya kweli, na kampuni nyingi zikaifanya idhini kuwa kizuizi cha kuchosha: kukubali kwa mbonyezo mmoja, kukataa kwa mibonyezo kadhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayolinda taarifa za watu ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60 kwa kosa hilo hasa, la kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali. Mamlaka hiyo iliona kile alichokiona shangazi: mbonyezo wa mtu aliyechoshwa si ridhaa.

Kwetu pwani mgeni hupiga hodi. Akipiga mara tatu bila kujibiwa, anaondoka. Ndivyo watoto wanavyofundishwa chuoni na nyumbani. Hagongi mara ya nne, wala hachungulii dirishani. Mwaka 2017 Apple iliweka utaratibu wake wa programu kuomba nyota za tathmini kutoka kwa mtumiaji: kidirisha hicho kisionyeshwe zaidi ya mara tatu katika siku 365, hata mwenye programu akitaka vingine. Sidhani kuna aliyewaeleza adabu ya hodi, lakini idadi wameifikia ileile. Watengenezaji wa Firefox nao, walipochunguza maombi ya kurasa za intaneti kutaka kuwatumia watu arifa, walikuta kama asilimia 99 hayakubaliwi. Tangu Januari 2020 wakayaondoa katikati ya skrini na kuyafanya alama ndogo kwenye mstari wa anwani. Anayetaka anaibonyeza.

Vijana wanaotengeneza programu hapa nyumbani huniambia kwamba mkuu wa masoko ndiye anayevitaka vidirisha hivi, kwa sababu takwimu zinapanda. Nawaelewa, kibarua ni kibarua. Lakini waziangalie takwimu hizo kwa makini zaidi. Shangazi yangu alihesabiwa miongoni mwa wateja wapya wa huduma ya vichekesho. Alibaki kwenye orodha hiyo siku kumi na moja, hakufungua kichekesho hata kimoja, kisha akanipa simu nimwondoe. Tangu hapo kila tangazo linalotokea kwenye skrini yake, hata lile la kumtahadharisha dhidi ya matapeli, analiondoa kabla halijamaliza kuandikika. Kampuni ilipata salio la siku kumi na moja, ikapoteza masikio ya mteja kwa miaka.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyeisoma sura hii na unayeandika, unayechora au unayesimamia programu yoyote inayotumiwa na watu. Chukua simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima. Fungua programu yako kama mtu asiyekujua, fanya kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na andika kwenye karatasi kila kidirisha kilichokuzuia njia. Mbele ya kila kimoja jibu maswali mawili: kilinieleza nini nisichokijua? Na jambo lenyewe, lingeweza kutenduliwa? Kile kisicholeta habari, kiondoe. Kile kinacholinda jambo linalotendulika, kiondoe pia, uweke kitufe cha Tendua mahali pake. Kisha nenda kaketi dukani kwa mtu, umtazame akiitumia, na usimwambie abonyeze wapi.